Matundu Sita na Kisahani cha Tambi

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Siku njema. Nimekwisha kushinda, bado kuanza tu.

Jana baada ya mazoezi Mzee Mung'aro, kiongozi wa bendi yetu, alitutangazia kwamba mpiga solo ametukimbia. Kapata kazi hotelini huko Malindi, kaenda na gitaa lake, hata kuaga hakuaga. Na Jumamosi tuna dansi ukumbi wa Tononoka. Mzee akasema yeyote atakayefika mazoezini Ijumaa jioni na gitaa la umeme, likalia sawasawa, ndiye atakayesimama mbele kupiga solo.

Wanaoweza ni wawili. Mimi, Kitsao, niliyepiga ridhim miaka minne kwa gitaa la bendi lisilo la umeme, lenye ufa. Na Dishon, fundi wa mashine za boti kule Liwatoni, mtu wa bara, aliyejiunga nasi juzijuzi na kwa sasa anatikisa kayamba kana kwamba anapepeta maharagwe. Dishon anasema mjomba wake wa Nakuru atamtumia gitaa kwa treni. Atamtumia! Kwa treni! Nikampa pole mapema.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo lenyewe. Jumamosi dada yangu Kadzo anakuja kutoka Kaloleni kunisikiliza. Kadzo ndiye aliyenilea mama alipofariki, akasuka mikeka hadi vidole vikapasuka ili mimi nisome. Wakati wa Pasaka alikuja dansini. Mzee Mung'aro huniweka nyuma ya ngoma kubwa, kwa hiyo Kadzo hakuniona ila mara moja, nilipotoka kusogeza spika. Akarudi Kaloleni akawaambia watu kwamba mimi ni mpagazi wa bendi. Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa fahari, kwamba ndugu yake ana kazi mbili mjini. Baba mdogo akaniletea salamu akiuliza kama masanduku ni mazito. Iliniuma, na bado inaniuma.

Sasa silaha yangu. Mimi ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo pale Kilindini, na mwaka jana kreti liliangukia gitaa la baharia mmoja mbele ya macho yangu. Kiwiliwili kilisagika. Lakini shingo ilikuwa nzima, visanduku vya sumaku vinavyonasa sauti vizima, na kile kibati cha chini kinachoshika nyuzi kizima kabisa. Baharia akataka kuvitupa majini. Nikampa redio yangu, akanipa vyote. Tangu siku hiyo viko chini ya kitanda changu vinasubiri mwili.

Mwili ninao! Nimeutengeneza kwa mbambakofi, kipande cha fremu ya mlango kutoka nyumba iliyobomolewa huku huku Mji wa Kale. Mti wa milango. Mchwa hauli, maji hauogopi. Seremala wa Bondeni aliyenichongea umbo aliua msumeno mmoja na sasa hanisalimii. Bi. Mbeyu, mwenye nyumba wangu, aliponiona naupandisha ngazi kwa mapumziko matatu aliniuliza, "Kitsao, mwanangu, huu ni mlango ama ni kitanda?" Nikamwambia ni gitaa. Akasema Mwenyezi Mungu anisahilishie.

Kimebaki kitu kimoja tu. Katika gitaa hili nyuzi huingia kwa nyuma, zikapenya ubao mzima, zikatokea mbele chini ya kibati. Matundu sita basi, yaliyonyooka mstari mmoja, mbele na nyuma. Yakipinda, uzi utasugua pembeni na kukatika. Matundu sita. Kazi ya nusu saa.

Nimekula samaki wa kupaka na mkate wa mofa. Nalala nikiwa mtu wa furaha.

Jumanne, 6 Agosti

Drili hii ni mbovu.

Niliiazima kwa Oliver, fundi umeme wa jengo letu la ofisi. Oliver akanishauri nijaribu kwanza kwenye kipande cha ubao kisicho na kazi. Nikamshukuru. Watu wenye wasiwasi ni wazuri kuwa nao karibu, lakini si lazima kuwasikiliza. Mtu aliyetazama makontena yakipangwa bandarini miaka sita ana jicho la mstari.

Niliweka kiwiliwili juu ya kitanda, nikakikalia nusu, nikatoboa. Mbambakofi ni mti mgumu. Ncha ya drili iliteleza kwenye tundu la kwanza, ikateleza na kwenye la tatu, nikaiacha iteleze nikijua kibati kitafunika. Vumbi jekundu lilijaa chumba kizima. Nilipomaliza la sita nikapumua, nikageuza.

Sijui nieleze vipi. Mbele matundu yalikuwa kama wanafunzi mstarini asubuhi, wawili watatu wakisukumana. Nyuma yalikuwa wanafunzi wale wale kengele ya kwenda nyumbani ikishalia. Moja lilitokea karibu na ukingo, pahali ambapo hapana uzi wa gitaa duniani unaokaa. Na godoro lina matundu mawili.

Kisha nikachonga vijiti vya mbambakofi, nikavipaka gundi, nikaziba yote sita, nikapiga msasa. Sasa ni kama hayakuwahi kutobolewa. Ukweli ni kwamba nimefanya mazoezi kama Oliver alivyotaka, ila kwenye ubao wenyewe, jambo ambalo ni bora zaidi.

Jioni nilimpitia Dishon kwake kupeleleza. Akaniambia gitaa limeshapakiwa Nakuru. Akanikaribisha chai. Nikanywa vikombe viwili, nikaondoka bila kumwambia lolote.

Jumatano, 7 Agosti

Nina akili. Sipendi kujisifu, lakini shajara hii haisomwi na mtu.

Asubuhi nilishuka chini kumwamkia Bi. Mbeyu. Shikamoo, marahaba, umelalaje, mbona jana palikuwa na ngurumo huko juu. Alikuwa anasafisha mashine yake ya tambi. Bi. Mbeyu ndiye mwenye tambi za dengu zinazosifiwa kuanzia huku mpaka Bondeni, na ana oda ya arusi ya Jumamosi. Ile mashine ni ya shaba, aliachiwa na mamake: unatia unga uliokandwa juu, unazungusha mkono, tambi zinatoka chini kupitia kisahani chenye matundu na kuangukia kwenye mafuta.

Nikakiona kile kisahani kimeanikwa juani. Matundu yake yamepangwa mistari iliyonyooka hata mtu aweza kulia. Wala si jicho la mtu lililopanga, ni mashine ya kiwandani kilikotoka. Nikakiomba kwa macho, kwa kuwa kwa mdomo asingenipa.

Saa za mchana Bi. Mbeyu alijitanda buibui akaenda Bondeni kuonana na watu wa arusi. Nikaomba ruhusa kazini kwamba nina tumbo. Nikachukua kile kibati cha gitaa, nikakiweka juu ya kisahani. Mstari wa kati, nikiruka tundu moja moja, unaangukia sawasawa kwenye matundu ya kibati. Sawasawa! Nani angejua kwamba tambi na gitaa ni ndugu?

Nilikifunga kisahani juu ya ubao kwa vibanio vya mbao, nikatoboa kupitia matundu yake. Ncha ya drili ilikuwa nene kidogo kuliko tundu la tambi. Nikajiambia shaba ni laini, itaelewa. Na ilielewa. Ncha haikuteleza hata mara moja. Nilipokiondoa kisahani nikaona mbele ya gitaa mstari wa matundu sita ambao hata mhandisi wa meli angevua kofia.

Kisahani chenyewe kilikuwa kimebadilika kidogo. Matundu sita ya mstari wa kati yalikuwa yamefumbua macho. Nikakifuta, nikakirudisha juani vile vile kilivyokuwa, upande wa matundu mapana ukiangalia chini.

Kisha nikageuza ubao.

Nyuma kumepinda tena. Si kama jana, lazima niseme, jana ilikuwa aibu. Leo ni mstari, ila ni mstari wa watu wanaokata kona. Kisahani kiliiongoza ncha pale inapoingia. Humo ndani ya mti ikajiendea ilikotaka, na mkono wangu uliegemea. Nimeziba ya nyuma. Ya mbele siyagusi, ni mazuri mno.

Nimehesabu waliobaki wa kunisaidia. Katika watu wote ninaowajua, mwenye drili ya kusimama, ile iliyofungwa kwenye nguzo ambayo hushuka wima bila kuegemea, ni mmoja. Jina lake sitaki kuliandika usiku huu.

Alhamisi, 8 Agosti

Siku ndefu, yenye uzuri na mengine.

Asubuhi nilisikia Bi. Mbeyu akinung'unika chini. Nikashuka. Alikuwa anakaanga tambi za arusi na uso umemwiva kwa moto. Katika kila mkamuo zilikuwa zinatoka tambi nyembamba kama kawaida, na katikati sita nene kama kamba za viatu. Nyembamba zikiiva, nene mbichi. Nene zikiiva, nyembamba makaa. Bi. Mbeyu akasema mashine hii ina umri mkubwa kuliko yeye na haijapata kumfanyia hivi. Akasema aliyeiazima mwisho ni Beverly, yule nesi wa ghorofa ya juu, na kwamba watu wa bara hawajui kuvishika vyombo vya shaba.

Nikamshauri asiwe anawaazima watu vyombo ovyo. Akasema nimesema kweli. Nikaondoka haraka kwenda kazini.

Saa ya chakula cha mchana nilifunga kiwiliwili kwa leso, nikakipakia kwenye mkokoteni hadi Liwatoni. Naam, kwa Dishon. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikamwambia nimetumwa na kanisa. Ni rafu ya kutundikia vikombe, nikasema, na matundu sita ya mbele yanahitaji kutokea nyuma kwa mstari ulionyooka. Dishon akafungua leso. Akaitazama rafu yenye umbo la gitaa, yenye pembe mbili na kiuno. Akasema, "Hiyo kanisa yenu iko na vikombe maridadi sana."

Kisha akaanza kuongea, na Dishon akianza kuongea hanyamazi. Alipigilia msumari katika kipande cha ubao, akakata kichwa chake, akaufunga ule ubao kwa jiliwa chini ya drili, msumari ukisimama wima na ncha ya drili ikiugusa kwa juu kabisa. Akaniambia niangalie: ncha na msumari sasa ni kitu kimoja. Akainua drili, akageuza gitaa kifudifudi, akalivisha tundu la mbele kwenye ule msumari. Akasema tundu likikaa kwenye msumari, ncha ikishuka kutoka nyuma haina pengine pa kwenda, lazima ikutane nalo. Akatoboa. Ikakutana nalo. Akalihamishia tundu la pili.

Mimi nilisimama karibu sana nikimlinda asinihujumu. Nilimhujumu mimi kwa kumwambia aharakishe, lakini hakuharakisha. Alikuwa anapuliza vumbi kila mara na kuimba, tena anaimba vibaya.

Alipomaliza nilinyanyua ubao hadi usoni nikachungulia. Matundu sita, mstari mmoja, mbele na nyuma. Katika kila tundu palikuwa na kipande kidogo cha Liwatoni: maji, kamba, mgongo wa boti, maji tena. Nilikaa nimechungulia muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilifurahi hadi nikasahau kwamba niko kwa adui.

Dishon akaupokea ubao kuurudisha kwenye leso, akaupima kwa mikono, akaniuliza kama hivyo vikombe ni vya mawe. Akasema rafu kama hii angeipunguza uzito kwanza. Ule ni wivu. Nikamwambia kanisa letu linapenda vitu imara. Akakataa malipo.

Na sasa mengine. Magharibi nilikuwa nimelaza gitaa langu kitandani, nalitazama tu, mlango ukabishwa hodi. Nikasema karibu. Bi. Mbeyu akaingia na kile kisahani mkononi. Hakunisalimia. Akaonyesha kwa ukucha vumbi jekundu lililobaki ndani ya tundu moja. Kisha akainama, akakiweka kisahani juu ya gitaa. Matundu yake na yangu yakakaa pamoja kana kwamba yamezaliwa siku moja. Tukayatazama wote wawili.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alisema, "Beverly nimemnunia siku nzima, kwa ajili yako." Akasema oda ya arusi haijakwisha, kwamba anacho kisahani kingine cha zamani chenye matundu madogo zaidi, na kwamba kile huwa kigumu kukamua. "Kesho alfajiri wewe ndiwe mkono wa mashine."

Nimempelekea Beverly sahani ya tambi nene na kumwomba radhi. Hakujua kwamba alikuwa amenuniwa. Nilimweleza kisa chote, akacheka hadi akakaa kwenye ngazi. Akazimaliza zile tambi pale pale.

Ijumaa, 9 Agosti

Mikono si yangu.

Nimezungusha mashine tangu adhana ya alfajiri mpaka saa ya kwenda kazini. Kisahani cha zamani ni kigumu kama Bi. Mbeyu alivyosema, na yeye alisimama pembeni na mwiko wa mafuta akinihimiza kwa upole. Kila nilipopunguza kasi alikuwa ananiuliza habari za gitaa.

Hata hivyo habari njema haikukosekana. Zile tambi nene za jana, Bi. Mbeyu alizichambua akazikaanga peke yake, akazitia pilipili na ndimu, akazitandaza kibarazani ili zisitupwe. Hazikufika saa mbili. Watu wa mtaa walizila zote wakaulizia nyingine. Nikamwambia Bi. Mbeyu kwamba kwa hiyo nimemvumbulia biashara, na kwamba mtu mwingine angedai sehemu yake. Akaniambia nikamue.

Jioni, mazoezi. Gitaa limekamilika! Nilipitisha nyuzi kwa nyuma moja moja, zikaja mbele bila kusugua popote. Mkanda wa kubebea nimetengeneza kwa mikanda miwili ya suruali.

Dishon alikuwa amefika, na gitaa lake limefika pia, jekundu, jepesi, analibeba kwa vidole viwili. Mzee Mung'aro akatuambia kila mtu apige wimbo mmoja. Dishon akapiga. Vizuri, sikatai. Kisha mimi nikachomeka waya, nikapiga uzi mmoja tu wa juu.

Ule uzi ulilia ukaendelea kulia. Mbambakofi ulikuwa umeushika nyuma kwa nguvu zake zote na haukutaka kuuachia. Mzee Mung'aro alikuwa anafungua chupa ya soda, akaacha. Jacinta, mwimbaji wetu, akageuka. Nikapiga wimbo mzima, na nasema bila haya kwamba sijawahi kupiga vile maishani mwangu.

Mzee akafumba macho, akasema, "Solo ni Kitsao. Dishon, wewe ridhim." Dishon akaja kunipa mkono. Akaniambia vikombe vya kanisa vina sauti nzuri. Sijui alijuaje.

Shingo inauma kidogo. Bila shaka ni ile mashine ya tambi.

Jumamosi, 10 Agosti, mchana

Nimeamka na furaha ya mtoto siku ya Idi. Nimepiga pasi shati mara mbili. Bi. Mbeyu amekwenda arusini, na wenyewe walipokuja kuzichukua tambi walizisifia. Alinisamehe mlangoni akiwa anatoka, ila akaniambia mlango wa jikoni amefunga.

Nimepeleleza ukumbi. Pale mbele, kati ya Jacinta na ukingo wa jukwaa, pana taa. Ndipo nitakaposimama. Kadzo nimemwekea kiti safu ya kwanza, na mtu wa mlangoni nimempa maelekezo yote.

Nimejaribu kusimama na gitaa mbele ya kioo. Linanivuta upande mmoja. Nikiegemea upande wa pili sana, ninaonekana nimenyooka.

Jumapili, 11 Agosti

Niandike yote kabla hayajapoa.

Wimbo wa kwanza nilisimama mbele, chini ya ile taa. Kadzo hakuwa amefika, gari lake lilichelewa. Nilipiga vizuri. Katikati ya wimbo wa pili nikahisi ukumbi unapanda juu. Kumbe ni mimi ninashuka. Magoti yalikuwa yanakunjika yenyewe kidogokidogo, na kuelekea mwisho wa wimbo uso wangu ulikuwa usawa wa kiuno cha Jacinta. Watu wa mbele walipiga makofi wakidhani ni mtindo. Mkanda mmoja wa suruali ukakatika. Niliudaka mti wote kwa tumbo.

Mzee Mung'aro akaniletea kiti. Alinihurumia kweli, na akasema sauti ile hawezi kuiacha ikose dansini. Lakini mbele palikuwa hapana nafasi ya kiti, Jacinta anahitaji pa kuzungukia na waya zinapita. Pahali pa kiti palikuwa pamoja tu. Nyuma ya ngoma kubwa.

Nikakaa. Mahali pale pale pa miaka minne. Na Dishon, mpiga ridhim, na lile gitaa lake jepesi, akaletwa mbele chini ya taa ili pasiwe na pengo.

Nilipiga hivyo hivyo. Sikuwa na la kufanya, na nyuzi zilikuwa zinalia vizuri mno kunyamazishwa kwa hasira. Kupitia kati ya ngoma na kigoma kidogo nilikuwa naona kipande cha ukumbi, na katika kipande hicho nikamwona Kadzo akiingia, amevaa leso mpya, anatazama mbele, anatafuta. Akamtazama Dishon. Akatazama masanduku ya spika.

Basi akaja mbele na noti mkononi, kutuza. Nikajua atamtuza Dishon, kwa kuwa ndiye mwenye gitaa anayeonekana. Akamfikia. Nikaona anamwuliza kitu sikioni. Dishon akaacha kupiga katikati ya wimbo, akamshika Kadzo mkono, akampandisha jukwaani, akamzungusha nyuma ya ngoma hadi mbele ya kiti changu. Dishon hupenda sana kujionyesha.

Kadzo akasimama pale akanitazama mikono. Nikapiga ile sehemu ndefu ya juu, ile iliyomfanya Mzee afumbe macho. Akaniambia, "Kumbe ni wewe uliaye hivi! Nilikuwa nakusikia tangu njiani, nikasema huyu ni nani." Akanichomeka noti kwenye kola. Nililia. Sitaandika kwamba ni moshi, hapakuwa na moshi.

Wimbo ulipokwisha aliomba kulishika gitaa. Akashindwa kulinyanyua, akaliinamisha tu magotini mwangu akapitisha kidole mgongoni mwake, juu ya yale matundu sita. Kadzo ni msusi wa mikeka, mstari uliopinda humkosesha raha. Alikipitisha kidole kwenda na kurudi. Akasema pamenyooka. Akauliza nani aliyetoboa.

Nikasema mimi mwenyewe, kwa mikono yangu.

Dishon alikuwa pale pale kando. Akacheka, akasema ni kweli, Kitsao ni fundi mkubwa sana wa rafu. Kadzo hakuelewa, akampenda kwa kucheka kwake.

Leo asubuhi nimemsindikiza kwenye gari la Kaloleni. Alinieleza atakavyowasimulia watu. Atawaambia wenzangu wote husimama, lakini mimi nimekuwa mkubwa, siku hizi bendi imenipa kiti. Kiti changu peke yangu! Nimerudi nikipiga mluzi njia nzima. Bi. Mbeyu amenikaribisha chai na zile tambi nene, maana ameamua kuzifanya kila Ijumaa.

Sasa nimeketi kitandani, gitaa liko mbele yangu, na nimefikiri. Kiti ni kizuri. Lakini Jumamosi ijayo tunapiga tena, na mimi nataka kusimama pale chini ya taa. Kinachonizuia ni uzito tu. Mti ukipunguzwa uzito, mambo yamekwisha. Na mti hupunguzwa vipi? Kwa matundu. Mengi, mgongo mzima, yaliyopangwa mistari iliyonyooka ili Kadzo akipitisha kidole afurahi.

Dishon simhitaji, yeye na msumari wake. Oliver amesema nichukue drili wakati wowote, ila nijaribu kwanza kwenye kipande kisicho na kazi. Nimemshukuru.

Bi. Mbeyu amenunua kisahani kipya, kinang'aa, kina matundu mengi kuliko kile cha kwanza. Amekificha ndani ya kopo la unga, rafu ya juu, nyuma ya birika. Kesho mchana anakwenda Bondeni kurudisha masinia ya arusi, na ufunguo wa jikoni huuacha chini ya kinu.

Kazi ya nusu saa.